Uvimbe wa Kipigo

Mimi mkono wangu mwepesi, sikatai. Tangu utotoni mtu akinichokoza simsubiri amalize sentensi. Dada yangu, aliyenitangulia miaka saba, ndiye aliyekuwa akiwaomba watu radhi kwa niaba yangu. Kwa hiyo nikisema nilimvunja mume wake mkono kwa chuma cha kunolea visu, mchana kweupe, mbele ya wateja wake, msidhani najisifu. Nasema ilivyokuwa, kwa sababu mtaani wanasimulia nusu tu, ile nusu inayowachekesha.

Tulikuwa kiwanda kimoja cha kuku, mimi na dada. Kuku anaingia mlango wa nyuma akipiga kelele, anatokea mlango wa mbele akiwa kwenye mfuko. Hapo katikati ni wanawake arobaini wenye visu. Anatundikwa miguu juu, anakatwa shingo, anachovywa kwenye maji ya moto, mashine inamnyonyoa, halafu anafika mezani tunampasua na kumtoa matumbo. Damu inaingia mpaka ndani ya gambuti, manyoya yananata kwenye kope. Siku ya kwanza utatapika. Siku ya kumi utakula chakula chako papo hapo na kuomba uongezewe. Mimi nilianzia kwenye ndoano, nikapanda mpaka nikawa nyapara wa meza, na tangu hapo jina langu likawa hilo, Nyapara, kazini na mtaani. Hata shemeji yangu ananiita hivyo.

Kwa kisu, dada hakuwa na mpinzani. Wewe unatafuta pa kuanzia, yeye ameshamaliza kuku wawili na anakutania.

Miaka mitatu iliyopita alikatwa titi la kulia. Kansa. Tulilia, tukafuta machozi, maisha yakaendelea. Hospitali walimwambia mambo mawili, na mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu haya. Ameze kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano bila kuruka. Na kila mwezi, Jumanne, aende kliniki akaguliwe na apewe vidonge vya mwezi unaofuata. Jumanne tu, maana siku nyingine daktari wa ugonjwa huo hayupo.

Na Jumanne, jamani, ndiyo siku ya malori. Wanunuzi wakubwa wanachukua mzigo wao siku hiyo, laini inakimbia kutoka alfajiri mpaka mgongo ugome. Mwaka wa kwanza nilimruhusu. Kwenye daftari namwandika yupo, na nafasi yake mezani naisimamia mwenyewe. Halafu maneno yakaanza. Nikiingia chumba cha kubadilishia nguo, wanawake wananyamaza. Mmoja mwenye mdomo, tuliyemwita Redio, akanitolea uvivu: yeye hakwenda kumzika mama yake kwa sababu ilikuwa Jumanne, lakini ndugu wa Nyapara anakwenda kutembea kila mwezi. Nilimtandika kofi akaona nyota. Maneno hayakwisha.

Basi nikafanya jambo nililoliona la haki. Nikaenda kwa meneja, nikamwandikia kwa mkono wangu kwenye daftari la mahudhurio: Jumanne hakuna ruhusa, ya ugonjwa wala ya msiba, na atakayekosa mara mbili nafasi yake wapewe wanaosubiri getini. Akatia sahihi akitabasamu. Nikawasomea wote, kisu mkononi, nikaongeza kwamba sheria haichagui, hata aliyezaliwa nami tumbo moja. Wakapiga makofi, Redio akiwa wa kwanza. Dada naye akapiga. Siku hiyo nilirudi nyumbani kifua mbele.

Habari za vidonge nilimuuliza mara moja tu. Akasema anapata. Sikumuuliza anapata wapi.

Mwaka ukapita na ushei. Alhamisi moja tunavua aproni baada ya zamu, blauzi ya dada ikanasa kichwani na mkono wake wa kulia ukashindwa kuivuta. Nikamsaidia, ndipo nikaona. Pembeni ya kovu, karibu na kwapa, palikuwa na uvimbe mwekundu unaoelekea zambarau, kama nusu ya yai iliyofichwa chini ya ngozi.

Sasa mnielewe. Shemeji, fundi wa kuchomelea mageti, alishawahi kumpiga dada. Mwaka wa pili wa ndoa alimng'oa jino. Siku ile nilikwenda nikamng'ata sikio mpaka damu ikashuka kwenye kola, naye akaapa mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba hatarudia. Miaka kumi na mitano nilikuwa nasubiri avunje kiapo. Nakula kwake, nacheka naye, lakini jicho langu liko kwenye mikono yake.

"Ni yeye?" nikauliza.

Dada akatazama gambuti zake. Kisha akasema, "Alinisukuma, nikaangukia kitasa cha mlango. Usifanye kitu, nakuomba. Utapona tu."

Nilimwahidi sitafanya kitu, na siku hiyo nilimaanisha. Kuanzia hapo, kila mapumziko nilikuwa namkanda. Nachovya kitambaa kwenye maji ya moto yenye chumvi, nambana pale penye uvimbe kwa kiganja kizima, maana ndivyo mama alivyotufundisha: damu iliyovilia inasuguliwa mpaka itawanyike. Dada anauma mkanda wa aproni asipige kelele. Mimi nasugua, na kila ninaposugua namtukana shemeji, yeye na ukoo wake. Wiki tatu ule ugumu ulikuwa mkononi mwangu. Na mimi ni mtu ninayejua nyama. Kwa siku nashika kuku mia sita, nikigusa ini lenye ugonjwa nalitupa bila hata kuangalia. Ule uvimbe wa dada sikuujua. Au sikutaka kuujua, sina hakika mpaka leo.

Uvimbe haukupungua. Ukatokea na wa pili, mdogo, juu ya ule wa kwanza. Nikamwambia dada kwamba yule mnyama anarudia palepale. Dada hakukubali, hakukataa.

Jumamosi tunatoka mapema. Sikuvua hata gambuti. Kisu nilikiacha kwenye ndoano yake, maana nilijijua, nikachukua chuma cha kunolea, kile kirefu cha duara, nikakitia kwenye mkono wa sweta. Karakana ya shemeji iko barabara ya pili, wazi mbele, imejaa mageti yasiyo na nyumba. Nilimkuta ameinama anachomelea, miwani myeusi usoni, cheche zinaruka. Sikumsalimu.

Cha kwanza nilimpa mgongoni. Akainuka na miwani yake, haoni vizuri, akanyoosha mkono kujikinga, cha pili kikatua kwenye mkono huo. Sauti ya mfupa kuvunjika naijua, naisikia kila siku ya kazi, lakini wa mtu unaitika kwa kina zaidi. Cha tatu kilipata vidole. Akaanguka juu ya geti alilokuwa akilichomelea, chuma bado cha moto, akaacha ngozi ya kiganja pale. Miwani ikamtoka. Alipoona ni mimi akasema neno moja tu, kwa sauti ya chini kabisa.

"Sijamgusa, Nyapara."

Nikamwambia ni mwongo mkubwa, nikampiga mbavuni. Mteja mmoja alitimua mbio. Mwingine, mama aliyekuja kuagiza dirisha, alisogeza kiti chake aone vizuri. Mafundi wenzake walijua habari ya lile jino, kwa hiyo walikuja kuamua taratibu, wakijikuna. Nilikuwa nimekiinua chuma kwa kipigo cha tano, kichwani sasa, nilipoona mtu amelala juu yake. Ni binti yao, wa miaka kumi na sita, alikuwa amemletea baba yake chakula cha mchana.

"Mama mdogo, baba hajampiga mama," akasema. "Hata hajui kama mama ana uvimbe. Mama anajifungia bafuni kujitazama, kisha analia."

Mungu anisamehe, chuma kilibaki juu. Kilikaa juu ya kichwa cha mtoto yule, nikiwaza kama amefundishwa kusema hivyo, mpaka fundi mmoja akaninyang'anya.

Walimpakia shemeji kwenye gari la mteja wakampeleka hospitali. Dada aliitwa, akaja akikimbia, kanga mbili tofauti mwilini. Mimi nilifuata nyuma kwa miguu. Nilikwenda, nawaambia ukweli, ili shemeji asipate nafasi ya kudanganya. Nilipofika chumba cha mifupa alikuwa ameketi, uso umemkauka, na nesi anachovya bandeji za plasta kwenye beseni. Dada alikuwa amesimama pembeni, ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Nesi akainua macho, akamwona, akaacha bandeji ndani ya maji.

Alimkumbuka kutoka kliniki. Akamwambia wamempigia simu mpaka wakachoka, kadi yake ina tarehe kumi na nne alizokosa, na huo mkono umevimba tangu lini. Hakusubiri jibu, akamvuta nyuma ya pazia. Nami nikaingia, hakuna aliyenikaribisha. Nesi akafungua vifungo vya blauzi na kutazama. Kisha akaniuliza ngozi hii imechubuliwa na nini. Nikasema tulikuwa tunakanda kipigo, kwa maji ya moto na chumvi. Alifumba macho kidogo.

"Hiki si kipigo," akasema.

"Najua," dada akajibu.

Nikamgeukia. Nikamuuliza anajua tangu lini. Alikuwa anafunga vifungo kwa mkono mmoja, kimoja kimoja, na hakuniangalia.

"Tangu siku ya kwanza. Uliponiuliza kama ni yeye, nikaona heri iwe ni yeye. Kipigo kinapona."

Pazia lile lilikuwa la kitambaa chepesi, na shemeji alikuwa upande wa pili, hatua mbili. Nilimsikia akianza kulia. Alilia vibaya, kama mtu asiyejua inavyofanyika, na nesi akatoka kumaliza plasta yake kimya kimya.

Jumanne hiyo na iliyofuata nilimpeleka mwenyewe, malori yakanywe maji. Walimpima, wakampiga picha, wakamchoma sindano palepale kwenye uvimbe. Saratani ilikuwa imerudi kwenye kovu na kwenye kwapa, na kulikuwa na kivuli kwenye ubavu. Daktari alikuwa kijana mpole, anayeongea polepole. Alisema dawa zipo, atakuwa anawekewa kila Jumanne, zinaweza kuuzuia ugonjwa kwa muda mzuri, lakini hatamdanganya kwamba utaondoka wote. Kisha akauliza vidonge alikuwa akivimezaje. Dada akasema alikuwa ananunua duka la dawa, na ili visiishe upesi alimeza leo akaruka kesho. Wakati mwingine aliruka wiki. Alitaka kurudi kliniki, ila Jumanne kazini hapakuwa na ruhusa, na kila mwezi uliopita aibu ilizidi, akaona watamgombeza.

Daktari akauliza kama kiwandani hawatoi ruhusa hata kwa barua ya hospitali.

"Nyapara wetu mkali," dada akasema.

Daktari, maskini, hakujua. Akasema mtu wa namna hiyo hana moyo, na laiti angemjua angemwandikia yeye barua. Mimi nilikuwa nimeketi pale pembeni, nimeshika mkoba wa dada kwenye mapaja yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Haki ya nani, niliitikia kwa kichwa kama vile anasemwa mtu wa mtaa mwingine.

Kisha nikamuuliza daktari, kama angevimeza vyote na kuja kila mwezi, ugonjwa ungerudi? Akajibu kwamba hakuna awezaye kuapa. Unaweza kumrudia hata aliyefanya yote. Ila anayekosa nusu ya dawa, na hakaguliwi, anaufungulia njia, na ukirudi unagunduliwa umeshakua. Mimi nilitaka ndiyo au hapana. Nilitaka nijue wa kumpiga.

Jumatano niliingia ofisi ya meneja bila kubisha hodi. Nikamwambia ile sheria ya Jumanne ifutwe leo hii, na dada yangu apewe ruhusa kila wiki kwa barua ya hospitali. Hakunigombeza. Alifungua daftari, akaligeuza nisome mwandiko wangu mwenyewe. Akasema kiwanda kilikuwa na utaratibu wa barua za hospitali tangu zamani, mimi ndiye niliyekuja kuomba ufutwe, na kwa kweli tangu siku ile mzigo haujawahi kuchelewa. Akanipongeza. Kisha akasema, kwa masikitiko, kwamba dada amekosa Jumanne mbili, na mtu mwingine ameshasimama mezani pake tangu asubuhi. Zangu mbili alisema amezisahau.

Nililichukua lile daftari nikampiga nalo mdomoni. Nikampiga tena mpaka jalada likabaki mkononi mwangu na karatasi zikatawanyika. Nikapindua meza. Walinzi wawili walinibeba, mmoja miguu mmoja mabega, nami nawatemea mate, wakanitupa nje ya geti. Pale nje wanawake wanaosubiri kazi walikuwa wamepanga foleni yao ya kila siku. Walinisaidia kuinuka, wakanipangusa vumbi. Mmoja akaniuliza kwa adabu kama kuna nafasi imetoka. Nikamwambia ziko mbili.

Nikaenda moja kwa moja kwa dada. Shemeji alikuwa sebuleni, mkono umening'inizwa shingoni, kiganja cha pili kimefungwa. Kwa hali ile hawezi kuchomelea hata msumari, na fedha yote ya nyumba ile ilikuwa inatoka kwenye mikono hiyo na kwenye kisu cha dada. Mkono nilivunja mimi, kisu nilikiondoa mimi. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia anipige, achague pa kupiga. Akaniangalia. Akasema hana mkono wa kunipigia, na hata angekuwa nao, kila nikilala usiku nikumbuke kwamba hakunigusa. Sijawahi kupigwa vibaya namna ile.

Dada alikuwa chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda. Nikafunga mlango. Nikamwambia kazi imekwisha, yake na yangu, na nikamwambia nimekuja kusema kwamba yule nyapara asiye na moyo ni mimi.

"Nani asiyejua?" akasema.

"Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu, dada. Ungesema kliniki, ningekuachia."

"Nilikuambia. Mara mbili nilikuambia. Mara ya pili ulinielekezea kisu shingoni, ukasema mwingine huyo anataka kutundikwa kwenye ndoano. Mezani wote wakacheka, na wewe ukacheka."

Nikakumbuka. Nilicheka kweli, tena sana, na nikaendelea kupasua kuku. Nilikuwa nimeisahau siku hiyo kabisa.

Dada akasimama akanipiga. Maisha yake yote sijamwona akimpiga mtu, hata mwanawe. Aliinua mkono wa kulia, akanishushia kofi la uso kwa nguvu zake zote, na halikuuma. Nilisubiri liume. Daktari alikuwa amesema mengi, ila pale ndipo nilipoogopa hasa. Akanipiga la pili, likanipita shavuni kama mtu anayenipangusa. La tatu mkono uliishia njiani, ukamwangukia.

"Piga, dada," nikamwambia. "Usiniache."

Ndipo akahamia mkono wa kushoto. Huo ulikuwa mzima. Alinipiga mdomoni ukapasuka, akanipiga kifuani, akanipiga tumboni, huku akinitukana matusi niliyodhani hayajui, na mimi nimesimama wima, mikono nyuma, nisije nikajikinga kwa mazoea. Alisema alikuwa mzuri, alikuwa na kisu, alikuwa anataka kuona mjukuu. Kila neno na ngumi yake. Shemeji alifungua mlango, akatazama, akaufunga tena.

Alipochoka aliketi. Alikuwa anahema kwa shida na ameshika ubavu wake, upande wenye kivuli. Nilipiga goti kumshikia, akaniacha nimshike. Damu yangu ilikuwa inadondokea kwenye kanga yake, nikaifuta, ikadondoka tena.

"Foleni ya Jumanne inaanza saa kumi na mbili asubuhi," akasema baadaye.

"Nitakuwa hapa saa kumi na moja. Jumanne zote, dada. Sikosi hata moja."

Akanitazama. Macho yake hayakuwa na hasira tena, na ningependa yangekuwa nayo.

"Zimebaki ngapi?" akaniuliza.